Bei ya Gramafoni Isiyo na Kichwa

Mtoto wa kaka yangu ana ugonjwa wa kutazama bei. Hanunui kitu, wala hana cha kununulia, lakini kila Jumapili akija kunisalimu hapa Kisugu, Kampala, hukikalia kiti changu kizuri na kunisogezea simu puani. "Shangazi, hebu ona hii." Ni minada ya Ulaya. Sanduku la muziki lenye ufa kwenye kifuniko, bei ya kiwanja. Redio ya mbao iliyoonjwa na mchwa, bei ya ng'ombe watano. Juzi kaniletea gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, yenye pembe ya shaba, na chini yake pameandikwa kwamba ni kamili. Nilimwambia asinitajie bei. Akanitajia.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kijana akadhani nimeshangazwa na fedha. Fedha hainishangazi, nimeona watu wazima wakinunua takataka kwa bei ya pikipiki na kuondoka wakiimba. Kilichonichekesha ni hilo neno kamili. Huko mbali kuna mtu amevaa glavu nyeupe, ameandika kamili, na watu wanamwamini. Mimi nilikuwa mtu huyo, bila glavu.

Mwaka ule Wahindi walipopewa siku tisini wawe wameondoka Uganda, nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka kujifunza taipu, na ninajiona. Ndege zilipokwisha kuwabeba, zikabaki nyumba, maduka, vijiko na mapazia, na ofisi niliyoajiriwa ikapewa kazi ya kuviandika kabla havijaibwa. Vingi viliibwa na wale wale waliotumwa kuviandika. Vilivyosalia vilirundikwa kwenye ghala moja karibu na reli, chini ya kilima cha Nsambya, na kila Jumamosi asubuhi vikapigwa mnada.

Kazi zangu zilikuwa mbili. Katikati ya wiki nilichapa orodha ya vitu. Jumamosi nilikaa pembeni ya dalali na kuandika bei kitu kilipouzwa.

Dalali wetu alikuwa Mganda mnene, laini kwa wakubwa kama siagi juani, mkali kwa kila aliyevaa kandambili. Vitambaa na masufuria alivijua. Mashine za muziki hakuzijua hata kidogo, kwa hiyo akazipima kwa wapagazi. Kama mpagazi mmoja aliweza kukibeba kitu peke yake, bei ilianzia chini. Wakihitajika wawili, bei ilipanda. Watatu wakitoka jasho, dalali alipiga makofi na kusema, "Munaona? Hii kitu iko nzito. Hii iko mari ya kweri!" Ndivyo sanduku la muziki la Uswisi, lenye silinda ya miiba midogo iliyopangwa kwa mkono wa mtu mwenye subira ya Nabii Ayubu, lilivyouzwa kwa bei ya kikapu cha nyanya. Mpagazi alikuwa ameliingiza kwapani. Jumamosi ile ile, radiogramu, redio na gramafoni ya umeme ndani ya kabati moja, iliyotolewa matumbo yote likabaki kabati tu, ilikwenda kwa bei ya pikipiki. Wapagazi walikuwa wameijaza matofali usiku wa kuamkia mnada, kwa ahadi ya chai kutoka kwa dalali. Aliyeinunua alikuwa mmoja wa wale tuliowaita mafutamingi, waliogawiwa maduka ya Wahindi na kuamka matajiri. Hakurudi kulalamika. Nadhani hakuwahi kuifungua.

Halafu kulikuwa na sheria isiyoandikwa popote. Ukitaja bei, kisha aliyekuzidi cheo akataja yake, unafunga mdomo. Sajini hapandi juu ya luteni, luteni hapandi juu ya kapteni, na raia hapandi juu ya mtu yeyote. Kwa hiyo mkubwa akiwahi kusema, mnada umekwisha, hata kama ametaja bei ya karanga. Watu wanaoniambia leo kwamba mnada ndio unaoonyesha thamani ya kitu huwa nawakaribisha chai tu.

Sasa, mama yangu alikuwa na gramafoni.

Nieleze vizuri, maana leo mtu husikia hivyo akadhani ni pambo la sebuleni. Gramafoni ndiyo ilikuwa kazi ya mama. Sisi ni wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walipanda kutoka pwani na biashara zao wakaganda hapa. Harusi zetu zilikuwa na uani kwa wanawake, na mpiga muziki mwanamume haingii uani. Mama aliingia. Alikuja na mashine yake kichwani mwa mchukuzi, sahani zake za nyimbo thelathini na kitu ndani ya sanduku la chai, akapiga nyimbo tangu baada ya adhuhuri mpaka bibi harusi anatolewa. Baba alikufa kaka yangu akiwa ananyonya. Ada yetu ya shule, mchele wetu, viatu vya Idi, vyote vilitoka ndani ya ile pembe ya shaba.

Wenzake walipoanza kununua redio za betri na radiogramu, mama aliwacheka. "Umeme ukikatika, bibi harusi acheze na nini? Na makofi?" Na umeme ulikatika, wakaja kumwita.

Alikuwa na masharti mawili. La kwanza, springi ilizungushwa mara thelathini na tatu tu, kama uradi baada ya sala. Alihesabu kwa midomo, bila sauti, na mwisho akasema, "Basi." Mimi nikiwa mdogo niliongeza moja kwa utundu, akanipiga kofi la mkono. "Hiyo ya thelathini na nne ndiyo inayokata springi." Sharti la pili lilikuwa la wanawake wote wenye gramafoni mjini. Mashine ikipelekwa kwa fundi, mwenyewe hufungua kichwa na kurudi nacho nyumbani. Kichwa ni kile kidude cha duara kinachoshika sindano na kushuka juu ya sahani. Sauti yote hutoka hapo, pembe huikuza tu. Mafundi walikuwa na tabia ya kubadilisha kichwa kizima kwa kilichochoka, na wewe hugundui mpaka siku ya harusi. Hivyo kichwa kililala chini ya mto wa mama, ndani ya kitambaa cha flana.

Miezi michache kabla ya hizo siku tisini, springi ilianza kulegea. Mashine ikapelekwa kwa fundi Mhindi, mzee aliyetutengenezea tangu enzi za bibi. Tangazo lilipotoka, mzee alituma salamu: springi mpya nimeshaiweka, njooni mchukue kabla sijafunga. Mama alikuwa na homa. Akanituma mimi.

Nikasema kesho.

Sikuwa na shughuli. Nilikuwa nimejinunulia viatu vya kisigino, nina barua ya kazi mkobani, nikaona aibu kupita barabarani na mpagazi na pembe ya zamani kama mpiga matangazo ya sarakasi. Nilisema kesho mara nne. Mara ya tano tulipokwenda, mlango ulikuwa na kufuli la serikali na karatasi yenye muhuri, na mzee alikuwa ameshapanda ndege. Mama alisimama pale ameshika kadi ya fundi ya kuchukulia mashine, yenye namba na saini, akaisoma na kuirudia, ingawa aliijua kwa moyo.

Baada ya miezi michache karatasi za duka lile zikafika mezani kwangu. Kila kitu kilichokutwa ndani kilihesabiwa kuwa mali iliyoachwa, hata vya wateja ambao hawajaondoka kwenda popote. Hapo katikati, kwa mwandiko wa karani aliyetembelea duka: gramafoni moja, pembe ya shaba.

Ningeweza kuiruka. Mstari mmoja tu, nani angejua? Ningeweza pia kumwendea mkubwa wangu na kusema hii ni ya mama yangu. Lakini ilikuwa imenong'onwa kwamba anayedai kitu cha dukani ni mtu wa kuwafichia Wahindi mali, na watu walikuwa wamechukuliwa kwa hayo. Niliogopa, nakubali. Ila si woga peke yake. Nilikuwa pia karani mzuri, na karani mzuri haruki mstari. Huo ujinga wa kujivunia orodha safi bado unanikera kuliko woga. Na kwa kuwa tuliagizwa kila mashine iandikwe kamili ili bei isishuke, nikachapa: gramafoni moja, pembe ya shaba, kamili. Kichwa chake kikiwa chini ya mto wa mama yangu, chumba cha pili kutoka kitandani kwangu.

Nilimwambia mama siku mbili kabla ya mnada. Hakunigombeza. Alisema, "Mashine ni nyepesi. Mpagazi mmoja anaibeba. Itaanzia chini." Alikuwa amenisikiliza miezi yote niliyokuwa nikimsimulia vituko vya ofisini ili acheke.

Jumamosi akaja na baibui lake, amefunga fedha kwenye pindo la leso. Kwanza alimwonyesha dalali kadi ya fundi. Dalali hakuigusa. "Nnyabo, mama, karatasi ya Muhindi nakwenda na Muhindi. Kama wewe nataka kitu, nunua kama watu."

Ikaletwa. Mpagazi mmoja, kama mama alivyosema. Ila kabla ya kuiweka mezani, mpagazi akaifuta pembe kwa shati lake, na shaba ile, ambayo mama aliisugua kwa ndimu na majivu miaka yote, ikawaka. Laiti mama angekuwa mvivu wa kusugua.

"Hamsini," alisema mama.

Kapteni mmoja alikuwa amekaa mbele kwenye kiti cha Mhindi fulani, anakula njugu. Aliitazama ile pembe kama mtoto anavyotazama puto. Akainua fimbo. "Mia."

Watu wakaanza kutazama kitu kinachofuata, maana ilikuwa imekwisha. Mama akasema, "Mia na kumi."

Alisema wazi. Mama yangu alikuwa na sauti ya uani, sauti inayopita juu ya wanawake mia wanaopiga vigelegele. Dalali akatazama juu ya kichwa chake, akageuka kushoto, akageuka kulia. "Mia, ya Kapteni. Mia mara moja. Mia mara mbiri. Sisikii mutu." Akagonga meza. Kisha akaniangalia mimi, kalamu mkononi.

Niliandika mia.

Mama alikwenda nyumbani kwa miguu. Jioni nilimkuta anapika kama kawaida, hatukuongea juu ya bei, na mimi nilikuwa mwoga kiasi kwamba nilishukuru.

Jumatano akaja askari ofisini na risiti. Kapteni ameweka sahani, amezungusha, kitu hakisemi. Amezungusha tena. Ameipiga. "Kapteni nasema, yeye nanunua kitu muzima. Hapa naandika kamiri. Nani naandika?" Dalali, aliyekuwa amekuja kuchukua malipo yake, hakungoja kuulizwa mara mbili. Alininyooshea kidole kabla askari hajamaliza. "Huyu dada ndiye naandika. Mimi nauza tu." Siku zile watu waliingizwa kwenye buti ya gari kwa makosa madogo kuliko hilo, na askari yule hakuwa na haraka, jambo lililonitisha zaidi. Alisema Kapteni anataka mashine iongee kesho saa kumi jioni.

Nikadanganya haraka, kazi niliyokuwa nimeizoea. Nikasema vitu hivi hupungukiwa na kifaa kidogo njiani, na ninamfahamu fundi mmoja mwanamke mwenye vifaa vya akiba. Nitamleta.

Usiku ule nilimwambia mama huku nalia. Alitoa kitambaa chini ya mto, akakifunua, akakitazama kile kichwa kwa muda, akakipulizia vumbi lisilokuwapo. "Saa kumi," alisema. "Basi tutoke saa nane, Luzira ni mbali."

Kapteni alikuwa amegawiwa nyumba nzuri upande wa ziwani, juu ya Port Bell, yenye baraza pana na maua ambayo hakuna aliyeyamwagilia tangu mwenyewe aondoke. Sebule ilikuwa ghala la pili. Radiogramu tatu zimepandanishwa mpaka karibu na dari, hakuna hata moja iliyounganishwa. Ya chini haikuwa na mlango, na ndani yake kuku alikuwa anaatamia. Kwenye ukuta palikuwa na spika mbili kubwa, nyaya zimefungwa fundo kama kamba za mbuzi. Huyo ndiye mtu aliyekuwa akiamua bei ya muziki Kampala.

"Huyu ndiyo fundi?" aliuliza.

"Ndiyo, afande," nilisema.

Hakumtambua. Mama alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwenye kiti chake Jumamosi, akitaja bei mbele ya umati, baibui ni lile lile, na bwana yule alimtazama usoni kama mtu mgeni kabisa. Hapo ndipo nilipojua kwamba kule mnadani hakuwa amejifanya. Hakuwa amemwona kweli.

Gramafoni ilikuwa mezani, pembe imebonyea palipopigwa. Mama alipitisha kidole kwenye lile bonyeo. Akafungua kitambaa, akaweka kichwa mahali pake, akakaza skrubu, akatia sindano mpya. Akashika mkono wa kuzungushia. Niliona midomo yake ikihesabu. Alipofika thelathini na tatu alisema kimoyomoyo neno lake, akashusha sindano, na sauti ya mwanamke wa zamani ikatoka na mlio wa udi wake, ule wimbo wa kumtoa bibi harusi. Kuku akanyamaza. Wanawake wawili wa nyumba wakatoka jikoni na mikono ya unga. Kapteni akacheka kwa furaha, akajipiga paja.

"Kumbe naongea! Mama, wewe iko fundi kabisa. Sasa fundisha mimi. Hii kitu nazungusha mara ngapi?"

Mama aliondoa sindano juu ya sahani kwa adabu, akaacha springi imalize kulegea mpaka ikasimama.

"Zungusha mpaka mkono uchoke, afande," alisema. "Mwenye nguvu ndiye hupata wimbo mrefu."

Nilifungua mdomo. Mama akanitazama, nikaufunga. Kapteni alikuwa na mikono kama mihimili, na alikuwa amefurahi.

Tukaaga. Hakutulipa, na mama hakudai. Madirisha yalikuwa wazi, kwa hiyo tulipokuwa tunashuka kuelekea getini tulimsikia ameanza, krr, krr, krr. Nilitaka kukimbia. "Tembea," alisema mama. Alikuwa anahesabu, safari hii kwa sauti ndogo niliyoisikia vizuri. Thelathini na moja. Thelathini na mbili. Thelathini na tatu. Akanyamaza, ila krr, krr iliendelea. Tulikuwa karibu na geti ikaja sauti ya kukatika, kavu, kubwa, kisha wanawake wakapiga kelele jikoni.

"Mama fundi!" aliita Kapteni dirishani. "Hii kitu nalia vibaya! Nini nakatika?"

Mama aligeuka, akaweka mkono kifuani kwa heshima. "Springi, afande."

"Leta ingine!"

"Hakuna, afande. Aliyekuwa nazo alikuwa Mhindi mmoja tu mjini. Hayupo."

Kapteni alisimama pale dirishani akilifikiria hilo. Nilimwona anatafuta wa kumkasirikia, na hapakuwa na mtu karibu zaidi ya sisi. Mwishowe alisema kwamba vitu vya Wahindi ni vya bure tu, akatukana, akarudi ndani. Askari wa getini akatufungulia.

Barabara ya kurudi ilikuwa ndefu na viatu vyangu vya kisigino vilikuwa vinaniua. Mama alikuwa na kile kitambaa cha flana mkononi, kitupu, anakikunja na kukikunjua. Tangu siku ile hakuingia tena uani kwa kazi. Alikaanga vitumbua mpaka alipokufa. Lakini hayo nilikuwa siyajui bado. Nilichojua ni kwamba niko hai, na nikataka kusema kitu, nimshukuru au nimwombe radhi, sikumbuki lipi. Yeye akatangulia kusema.

"Jumamosi ile, niliposema mia na kumi," aliuliza, bila kunigeukia, "ulinisikia?"

"Nilisikia, Mama."

Akakikunja kile kitambaa mara ya mwisho.

"Basi," alisema.